Nyumba ya Mzazi Haikai Kimya

Ko, ko.

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, pakapita kimya kidogo, kisha ukaanza kuzunguka chini kwa chini, taratibu, kama mkono unaomkuna mtoto mgongo. Mwantumu alifumbua macho gizani akatabasamu peke yake. Uji umeshapata mwenyewe.

Unga alikuwa ameuloweka yeye jioni. Mumewe, Mbonea, alikuwa fundi wa nyavu za ukungu, zile nyavu kubwa zilizotandazwa toka kilele hadi kilele zikaunywe ukungu wa mlimani na kuugeuza maji ya bomba. Zamu yake ilianza mapema, na mtu akishaamka mapema katika nyumba yenye mtoto mdogo, jiko humwita tu.

"Baba Tunu, usije ukauunguza kama juzi."

"Lala, mama. Mimi nakoroga, sifa unapewa wewe."

Hakutania bure. Juu ya mlango wa jiko lilining'inia Sikio, kidude cha ukubwa wa kifuniko cha chupa chenye taa ya kijani. Chini yake palikuwa na kioo chembamba, na kulipokucha kioo kiliandika kama kilivyozoea: Mama wa nyumba amepika uji. Mama wa nyumba amefua.

Mbonea alisimama mbele ya kioo na sketi ya mtoto ikimchuruzika maji mkononi. "Hongera, mama wa nyumba. Umefua ikatakata, na sabuni hukuigusa."

Walicheka. Tunu naye, mdomo umejaa uji, alicheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Walikuwa wamecheka hivyo tangu Sikio lilipotundikwa pale. Laiti Mwantumu angecheka kidogo akafikiri zaidi. Lakini asubuhi ile hakuwa na nafasi ya kufikiri, moyo ulikuwa umejaa pomoni. Alikuwa anapanda Ivuga kupeleka habari njema.

Mwantumu alikuwa mchumi wa Ofisi ya Mipango ya Milima. Kabla yake, mpango wa milima ulihesabu tangawizi, ukahesabu kahawa na wageni, hata mizinga ya nyuki ilikuwa na safu yake. Lakini ndoo iliyopanda mlima kichwani kwa mtu, mgonjwa aliyeogeshwa, mtoto aliyebembelezwa usiku kucha, hivyo havikuwa na safu. Kazi ile ilikuwa kama chumvi, sahanini haionekani, ila ikikosekana kila mtu anauliza. Katika masomo yake ya jioni, Tunu akiwa amelala mgongoni, mwalimu alisema kuwa kisichopimwa hakipangiwi. Mwantumu alinyoosha mkono: "Basi tuipime." Darasa likacheka. Yeye hakukaa chini mpaka mwalimu alipomuuliza, utaipimaje.

Jibu lake lilikuwa Sikio. Lilijua mlio wa mchi na wa ufagio, mlio wa nguo ikifikichwa na wa maji yakimiminwa. Ndani yake mlikuwa na muhuri uliozuia maneno yasiingie kabisa. Mwantumu alizunguka kijiji kwa kijiji kwa miguu yake akiwaeleza wanawake. "Linasikia mikono. Halisikii mdomo."

"Na tukigombana na waume zetu?"

"Halisikii."

"Na tukimsengenya mwenyekiti?"

"Hayo hata mimi naomba nisiyasikie."

Wakacheka, wakakubali. Kiapo chake kilikuwa hicho tu, na kilitosha.

Masikio hayakutosha kila nyumba, basi kila kijiji kilipigiwa kura, nyumba moja ikasimama kwa niaba ya nyingine zote. Yaliyosikika yalikwenda kwenye Mizani, mashine kuu ya ofisini, nayo ikapima mzigo wa kijiji kizima. Kijiji chenye mzigo mzito kuliko vyote kilijengewa Nyumba ya Mikono, jengo lenye mashine za kusaga na za kufulia, na chumba kipana cha watoto chenye walezi waliosomea. Mwaka ule lilibaki jengo moja. Mizani iliitaja Ivuga. Nyuma yake ikafuata Nzaroni, kule chini upande mkavu wa mlima ambako ukungu haufiki.

Ivuga ndiko kwao Mbonea.

*

Gari la kamba liliwapandisha Mwantumu na Tunu juu ya mashamba ya tangawizi hadi wakatua Ivuga, jua likiwa linakausha migomba. Kabla hata hawajaiona nyumba waliyoiendea, waliisikia. Kinu kilikuwa kinalia michi mitatu kwa zamu, nguo zinapigwa kwenye jiwe, mtu anafagia, mwingine anachekacheka.

"Hodi wenyewe!"

"Ehe, mke wetu huyo!" alijibu Nakiete, shangazi yake Mbonea, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupigia mbiu. Alimtazama Mwantumu juu hadi chini. "Mbona umekonda? Huko ofisini mnakula karatasi?"

"Nakula uji wa mwanao, shangazi."

"Basi ndiyo maana."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwantumu akaamkia mmoja mmoja, akaingia ndani kumwona wifi yake Zaina, mwenye nyumba. Kura ya Sikio ilikuwa imeangukia nyumba hiyo wakati Zaina bado ana tumbo. Sasa alikuwa amelala kitandani, amenenepa kwa supu, kitoto kikimnyonya na ngumi zake kimezikunja kama mtu aliyekuja kudai haki.

Huko nje Tunu alikuwa ameshanyakua mchi mdogo. Mwantumu alimsikia Nakiete akimzuia. "Gonga ukingo kwanza, mjukuu wangu. Anayepokea kazi ya mwenzake hugonga, mwenzake ajue amepata mkono." Ko, kikasikika. "Baba naye hugonga," Tunu akasema. "Kwani baba yako nani alimfundisha?" Nakiete akajibu kwa fahari. Mwantumu aliyasikia hayo nusunusu tu, macho yake yakiwa kwa kitoto.

"Wifi, pole na kazi," alisema.

"Kazi gani?" Zaina akacheka. "Tangu nijifungue hata ufagio sijaugusa. Wamenikatalia katakata."

"Na kinu kile?"

"Kila mtu na mahindi yake. Ya makande hayo, mashine inayavunja. Wanakuja kutwangia hapa, na kufua wanafulia hapa. Nyumba ya mzazi haikai kimya, hujui? Mzazi akisikia kimya, mawazo yanamwingia."

Mwantumu hakujua. Kwao Handeni mzazi hupikiwa na huogeshwa, lakini hilo la kijiji kizima kuhamishia makelele yake kwa mzazi hakuwahi kuliona. Alikumbuka siku alizomzaa Tunu kule mjini, Mbonea akiwa zamu, nyumba kimya mpaka akawa anasikiliza bomba likidondosha matone. Mawazo yalimwingia, ndiyo. Yaliingia na virago vyao. Alijisikia machozi ya utamu yakimjaa, akainua uso asionekane. Macho yake yakatua juu ya mlango wa jiko.

Taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Kila mchi uliposhuka, ilipepesa.

Mama wa nyumba amefua. Mama wa nyumba amepika uji. Lo. Mizani ilimjua mtu mmoja tu katika kila nyumba. Mitwango yote ile, nguo zote za ukoo mzima, ilikuwa imemtwika Zaina, mtu aliyelala kitandani. Kisha, kwa kuwa nyumba ya Zaina ilisimama kwa niaba ya nyingine, ikamtwika kila mwanamke wa Ivuga mzigo huohuo. Kijiji kilichompumzisha mzazi kuliko vijiji vyote kilihesabiwa kuwa kijiji kilichochoka kuliko vyote. Na kosa lenyewe alikuwa akilicheka kila asubuhi jikoni kwake.

"Wifi, umepauka," Zaina alisema.

Alitoka uani. Nakiete alimwona, akashusha mchi. "Uso wako umebeba kitu. Kitue."

"Shangazi, nilikuja na habari njema. Sasa sina hakika kama ni yenu."

Akawaeleza yote, amesimama juani, bila kulainisha. Michi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Kule ndani kitoto kikaanza kulia, na Nakiete, bila kugeuka, akawaambia wenzake, "Twangeni." Wakatwanga. Ndipo akamrudia Mwantumu.

"Kwa hiyo tumeiba?"

"Hapana, shangazi. Nilipotengeneza kipimo nilidhani nyumba ni mtu mmoja. Kosa ni langu."

"Nyumba ya Mikono tulikuwa tumeshaipangia kiwanja," Nakiete alisema polepole. "Utalisema wapi hilo kosa?"

"Mbele ya Baraza la Milima, wiki hii."

Nakiete alimtazama kitambo. Angeweza kumwambia, wewe ni mke wetu, nyamaza. Mwantumu alilingojea neno hilo. Halikuja.

"Haya. Ila ukienda kutusema, utuseme tukiwapo."

*

Mkurugenzi wa Mipango, Mzee Mzirai, alimsikiliza mpaka mwisho huku chai yake ya tangawizi ikipoa. Hakuwa mtu wa kukasirika. Alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Binti, unajua Diwani Kajiru anatafuta ufa tu. Ukimpa huu, ataomba Masikio yote yashushwe, si la Ivuga peke yake. Kazi ya wanawake wote wa milima hii itarudi kule ilikokuwa, bila safu."

"Najua, mzee."

"Na ukinyamaza, Nzaroni wanakosa haki yao."

"Hilo nalijua zaidi."

Mzee Mzirai alizungusha kikombe. "Iko njia ya tatu. Muhuri wa maneno unafunguka. Amri yangu moja, nyumba moja, siku moja. Sikio litasikia sauti za wale wanawake, litamjua nani ni nani, Mizani itagawa kazi kwa watu wake. Utakwenda barazani na namba safi na marekebisho madogo ya kitaalamu. Hakuna atakayejua."

Neno lile lilimwingia Mwantumu kwa utamu. Siku moja. Kwa ajili ya haki, si kwa ajili ya umbea. Aliwawazia wanawake wa Nzaroni, ambao hakuwa anawajua hata kwa sura, wakipata chao. Kisha akamwona Zaina amelala na kitoto chake, akikinong'oneza yale ambayo mama hunong'ona akidhani dunia imelala, na taa ya kijani juu ya mlango ikiyapokea.

"Mzee, niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba halisikii mdomo."

"Ni siku moja."

"Leo nitafungua mimi kwa ajili ya haki. Kesho atafungua mwingine kwa ajili ya jambo lake, na akiulizwa ataonyesha mlango nilioufungua mimi."

"Basi utasimama barazani bila namba. Mchumi bila namba, mbele ya Kajiru."

"Nitasimama na kosa langu."

Chai ilikuwa imepoa kabisa. Mzee Mzirai aliinywa hivyohivyo, akakunja uso, kisha polepole uso ukamkunjuka. "Nilipokuajiri waliniuliza, huyu wa masomo ya jioni utamfanyia nini? Nikawaambia, mtu aliyesoma akiwa amechoka hasahau alichosoma." Akasimama kumfungulia mlango. "Nenda. Muhuri utabaki ulivyo."

Nyumbani alimsimulia Mbonea, akiogopa kidogo, maana waliokuwa wanapoteza ni watu wake. Mbonea alikuwa anamvua Tunu viatu. Akamvua na cha pili.

"Shangazi amesemaje?"

"Amesema nimseme akiwapo."

"Basi amekubali. Shangazi akikataa huwa haongei, hununa wiki nzima." Akambeba mtoto begani. "Mimi ningeona haya kama ungenyamaza, mama Tunu. Nisingekwambia, lakini ningeona haya."

*

Ukumbi wa Baraza la Milima nao ulikuwa na Sikio juu ya mlango, kwa sababu Mwantumu alitaka waliopitisha mpango nao wapimwe. Tangu litundikwe pale lilikuwa halijasikia kazi yoyote ya mikono, na vijana wa ofisini walipenda kusema kwamba Baraza halijawahi kufua hata leso. Kioo chake kilikuwa kikubwa, ukuta mzima, na siku ile kilikuwa kitupu kama kawaida.

Mwantumu alisimama mbele, Tunu amekaa kwenye benchi la kwanza akining'iniza miguu, kwa kuwa Mbonea alikuwa kwenye nyavu. Alieleza kosa kama alivyowaeleza wanawake wa Ivuga, kwa Kiswahili cha uani. Hakulificha nyuma ya maneno makubwa. Alipomaliza, Diwani Kajiru aliinuka na kutengeneza koti lake.

"Ndugu Mwenyekiti, kumbe Masikio yetu yana nta." Kicheko kikapita safu za nyuma. "Lakini mimi nauliza jingine. Wanawake wa Ivuga walijua Sikio liko wapi. Wakakusanyika hapohapo kupiga kelele. Hiyo mtaalamu wetu anaiita desturi. Mimi naiita ulaghai. Na mtaalamu mwenyewe, tusisahau, kaolewa wapi?"

Kabla Mwantumu hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguka wote.

"Nilijua atatokea wa kusema hivyo," ilisikika sauti ya kupigia mbiu. "Ndiyo maana tumekuja na kinu."

Waliingia wanne, Nakiete mbele, na katikati yao kinu kikubwa cheusi walichokishusha toka mlimani kwa gari la kamba. Wakakitua sakafuni mbele ya meza ya Mwenyekiti, naye akafungua mdomo kisha akaona heri aufunge.

"Mheshimiwa," Nakiete alimwambia Kajiru kwa adabu zote, "mama yako alipokuzaa, alijitwangia mwenyewe?"

Kajiru alisita. Alikuwa mtu wa Mvungwe, ng'ambo ya bonde tu. "Hapana."

"Alitwangiwa na nani?"

"Na… majirani."

"Walikuwa wanamlaghai nani?"

Hakuna aliyecheka sasa. Kajiru aliketi, lakini hakuweka uso wa mtu aliyeshindwa. Aliweka uso wa mtu aliyekumbushwa.

"Sisi hatukujua kuwa pale tunapimwa uchovu," Nakiete aliendelea, safari hii akiuambia ukumbi. "Tulikuwa tunamtunza mzazi. Tazameni tunavyofanya, kisha mseme kama ni wezi."

Akamimina mahindi, akaanza kutwanga. Mwenzake wa kwanza akasogea na mchi wake. Ko, akagonga ukingo, akaingia katikati ya mapigo kama mtu anayerukia kamba. Ko, wa pili. Ko, wa tatu. Mapigo yakajipanga manne, moja likimpisha jingine, na sakafu ya ukumbi ikatetemeka.

Mwantumu aliinua macho kwenye kioo. Kiliandika kwa herufi kubwa: Mama wa nyumba anatwanga. Mama wa nyumba, mmoja, kosa lake zima mbele ya watu wote. Lakini chini kabisa, kwa herufi za kijivu ambazo hakuna aliyezoea kuzisoma, palikuwa na mstari mwingine: Sauti fupi zimewekwa kando.

Akaganda. Gonga ukingo kwanza, mjukuu wangu.

Alipokuwa akilifundisha Sikio, aliliambia liziweke kando sauti fupi, ili lisichanganye kazi na kijiko kilichoanguka au mbuzi aliyepiga teke debe. Ziliingia katika kapu la Mizani, na sheria iliamuru kapu lisimwagwe kabla ya mwaka kuisha. Zote zilikuwamo humo. Kila mkono uliowahi kuingia katika kazi ya mwenzake ulikuwa umebisha hodi, na yeye, mgeni wa desturi ile, alikuwa amezichukua hodi zote akazitupa kapuni. Hata za jikoni kwake.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ikamtoka pana kuliko alivyoizoea, "naomba ruhusa niiulize Mizani swali moja hapa mbele yenu. Muhuri wa maneno hautaguswa."

"Uliza."

"Mizani. Fungua kapu. Tafuta mti ukigonga ukingo, ukifuatwa na mkono mpya katika kazi ileile. Kila hodi ya namna hiyo ihesabu kuwa mtu mwingine. Kisha gawa kazi kwa watu wake, pima vijiji vyote upya."

Kioo kilizimika. Nakiete na wenzake waliendelea kutwanga, hawakuambiwa waache. Kisha kikawaka, na mbele ya macho ya Baraza yale maneno "mama wa nyumba anatwanga" yakafutika, yakaja mengine: Wanne wanatwanga.

Ukumbi ukavuma. Lakini Mwantumu alikuwa anasubiri orodha ya vijiji, na ilipokuja aliisoma akiwa ameshika ukingo wa meza. Ivuga ilikuwa imeshuka mbali. Kapu lake lilikuwa limejaa hodi. Juu kabisa ilikuwa Nzaroni, na kapu la Nzaroni lilikuwa karibu tupu. Katika nyumba yenye Sikio huko chini mwanamke alianza kutwanga kabla ya kucha na kumaliza giza limeingia, na hapakuwa na aliyemgongea ukingo. Wenzake, bila shaka, walikuwa kila mmoja na mzigo wake kwenye njia ya maji.

Michi ilinyamaza. Mwantumu akamgeukia Nakiete. Hapakuwa na namna ya kulisema vizuri, akalisema tu.

"Shangazi, nyumba si yenu."

Nakiete alifuta jasho kwa ncha ya kanga. Aliutazama ule ukuta wenye maandishi kwa muda mrefu, mtu aliyekuwa ameshapima kiwanja kwa hatua zake. Kisha shingo ikanyooka.

"Ishuke Nzaroni. Sisi tuna mikono." Akamgeukia karani wa Baraza. "Ila wewe mwenye kuandika, andika kwamba Ivuga haikuiba."

"Nimeandika, mama."

"Na huyo anayetwanga peke yake. Anaitwa nani?"

"Sikio halisikii majina, shangazi," Mwantumu alisema.

"Vizuri. Tutashuka. Kinu tutakisikia wenyewe."

Mwenyekiti aliitisha mikono. Hoja ilikuwa kwamba Masikio yabaki, muhuri usiguswe milele, na hodi za mikono zihesabiwe kuanzia siku ile. Mikono iliinuka, ya mbele kwanza, halafu ya katikati. Kajiru alikaa akiangalia kinu. Alipoinua wake, aliuinua taratibu, ila aliuinua juu.

Walipotoka nje, Mzee Mzirai alikuwa ameshika ncha moja ya kinu, koti lake jeusi limejaa pumba, akiwasaidia wanawake kukirudisha kwenye gari la kamba. Alimwinamishia Mwantumu kichwa, kama watu wa kazi moja wanavyosalimiana.

*

Ko, ko.

Mwantumu alikuwa macho tayari. Alikuwa ameamka kusudi, akajilaza akiusikiliza usiku unavyoisha, Tunu akiwa amejikunja ubavuni mwake na mguu mmoja juu ya tumbo lake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Jikoni mwiko ulianza kuzunguka.

Halafu ukasimama. Mbonea alikuwa anasoma kitu.

"Mama Tunu," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kutojisikia. "Njoo uone kioo chako kinavyosema."

"Nisomee."

"Mama wa nyumba ameloweka unga. Mkono wa pili umepokea." Akaushika tena mwiko. "Mimi ndiye mkono wa pili."

"Hongera, mkono wa pili. Usiuunguze."

Alicheka kule gizani, kicheko kifupi, kisha akagonga tena ukingo, safari hii bila sababu yoyote, kwa raha tu. Taa ya kijani ikapepesa, mwanga wake ukafika hadi kitandani, na Tunu akainua kichwa toka kwenye mto, akatazama mlangoni, akasema kwa sauti:

"Mama, leo Sikio limemsikia baba."